Isale Nililolipeleka Ukumbini

Wiki mbili baada ya kuniaga rasmi, ofisi ilinipigia simu. Alikuwa Glory, ofisa mpya wa wafanyakazi, binti mwenye heshima na mwenye haraka. "Shikamoo mzee. Tunaandaa kijitabu cha wasimamizi wapya, tunaomba utuandikie kidogo ile siri yako ya kupandisha morali. Kila mtu hapa anaisimulia." Nikaitika marahaba, nikamwambia nitaandika. Sikumwambia kwamba siri hiyo wanayoisimulia ndiyo jambo linalonitia aibu kuliko yote niliyofanya katika maisha yangu ya kazi. Nimeandika na kuchana kwa siku nyingi. Haya ndiyo yaliyobaki mezani, na Glory ataamua mwenyewe kama yanafaa kijitabu.

Kiwanda chetu kiko Moshi mjini, na kazi yake ni kukoboa kahawa. Wasimamizi wapya wengi siku hizi wametoka vyuoni, kwa hiyo nieleze. Kahawa hushuka kutoka vihambani, yale mashamba ya ukoo kule mlimani, ikiwa bado na ganda lake kavu. Mashine hulitoa ganda, inabaki buni. Halafu buni hiyo inapelekwa ukumbini, kwenye meza ndefu, ambako akina mama huichambua kwa mikono. Wanatoa zilizo nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na vijiwe ambavyo baadhi ya wakulima wetu waungwana huviacha humo ili gunia liwe na afya. Buni moja iliyooza inaweza kuharibu kikombe kizima, na mnunuzi wa ng'ambo hana undugu na mtu.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Anaeli, msimamizi wa ukumbi wakati ule. Alinikabidhi bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji unachokichoma kwenye gunia ili kitoke na kahawa kidogo ya kuangalia. Akaniambia, "Hiki ndicho kitakachokuzuia kuwa mjinga. Gunia halisemi, karatasi inasema lolote. Ukiwa na shaka, choma." Nilichoma gunia la kwanza kwa nguvu mpya ya kijana, nikalitoboa upande wa pili, kahawa ikamwagika sakafuni. Akina mama walicheka mpaka saa ya chai. Mmoja wao akaja na ufagio, akanionyesha namna ya kuishika ile ncha, na hakuniita mjinga, ingawa alikuwa na kila haki. Huyo alikuwa Mama Aisia, mtu wa Masama kama mimi, mkubwa kwa umri kuliko wote mle ukumbini.

Mzee Anaeli alikuwa na njia yake ya kusimamia, na ilikuwa ya masikio. Alikaa mlangoni na kikombe chake, macho nje, akisikiliza. "Ukumbi ukivuma kwa maneno, kanywe chai yako," aliniambia. "Ukinyamaza, rudi mbio." Kwa muda mrefu nilidhani ni uvivu uliotafutiwa methali. Ilinichukua miaka kujua kwamba yule mzee aliwajua wale wanawake mmoja mmoja, nani ana mgonjwa nyumbani, nani macho yake yameanza kuchoka, nani amegombana na nani kuhusu mpaka wa kihamba, na yote aliyapata kwa kukaa pale mlangoni akijifanya hayupo.

Kulikuwa na desturi moja ukumbini ambayo hakuna aliyeiandika popote. Meza ikimaliza rundo lake, haiondoki. Wanasogea meza iliyobaki nyuma, wanachota kidogo kidogo, mpaka marundo yote yaishe, ndipo wote wanafungua vitambaa vichwani na kukung'uta kanga zao kwa pamoja. Na rundo lenye uchafu mwingi, la kahawa iliyonyeshewa au iliyokaushwa vibaya, halikugawiwa kwa bahati. Walimpa mwenye macho makali kuliko wengine, kisha wakamsaidia mwisho wa siku. Mzee Anaeli hakuigusa desturi hiyo hata kidogo. Alipostaafu aliniachia ukumbi, bambo, na maneno haya: "Panapojiendesha penyewe, usipasukume."

Nilikaa mwaka mzima bila kusukuma. Kisha nikapelekwa semina.

Ilikuwa kwenye hoteli moja hapa mjini, siku tatu, chai na maandazi asubuhi, na mada ilikuwa kuongeza ari na tija kazini. Sina ugomvi na semina. Aliyefundisha alikuwa mtu mwema na alisema mengi ya kweli, ila mimi nilirudi na lile rahisi kuliko yote: ubao. Mfanyakazi aonekane, alisema. Basi nikatundika ubao mweusi ukutani, na kila Ijumaa nikaandika majina kwa kufuata nani amemaliza magunia mengi. Wa kwanza alipewa kilo ya sukari na kipande cha sabuni, tukampigia makofi. Wa mwisho niliandika jina lake kwa chaki nyekundu. Hilo la chaki nyekundu hawakunifundisha semina. Nililibuni mwenyewe, na nililionea fahari.

Wiki ya kwanza walicheka. Wiki ya pili niliona mtu amekumbatia rundo lake kwa mikono miwili. Wiki ya tatu meza ya kwanza ilipomaliza, ilifungua vitambaa na kwenda zake, ikaziacha nyingine zimeinama. Magunia yaliongezeka kweli, na meneja alinipongeza. Sikujiuliza kwa nini ukumbi umepoa. Nilikuwa nikinywa chai yangu kwa raha.

Sasa nifike kwa Yustina. Wazazi wake walitoka Singida zamani, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, naye akazaliwa huko huko. Alikuwa hana hata miaka thelathini, mkimya, na ndiye aliyekuwa na yale macho. Tundu la mdudu lililo dogo kuliko ncha ya sindano aliliona akiwa anazungumza na jirani. Kwa hiyo yale marundo mabaya yalikuwa yake, kwa desturi. Zamani alisaidiwa mwisho wa siku. Baada ya ubao hakusaidiwa tena, na jina lake likawa jekundu wiki tatu mfululizo.

Mimi nilijua anapewa kahawa ya namna gani. Niliwahi kuiona. Na kama nilikuwa nimesahau, bambo lilining'inia ukutani ofisini kwangu, na kuchoma gunia moja kusingenichukua hata dakika. Sikuchoma.

Ijumaa ile ya tatu nilisoma majina kwa sauti, kisha nikasema mbele ya watu, "Yustina, ukumbi mzima unakusubiri wewe."

Alisimama bila haraka. "Bwana msimamizi, gunia langu umelichungulia?"

"Sina haja ya kulichungulia. Ubao unasema."

"Basi ubao unasema uongo," akasema. Akaenda ukutani, akashika pembe ya kanga yake, akafuta jina lake. La kwake tu. Mengine aliyaacha kama yalivyo.

Akina mama wakacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, nadhani walikuwa wamebanwa na mambo kwa wiki tatu na sasa kitu kimeachia. Lakini mimi nilisikia dharau, mbele ya wanawake ambao wengine ningeweza kuwaita mama. Nikamwambia Yustina achukue vitu vyake, asirudi tena. Alichukua mfuko wake na kikombe, akatoka.

Mamlaka ya kumfukuza mtu sikuwa nayo, yalikuwa ya meneja. Kwa hiyo nilipopanda ofisini kwake jioni ile nilisema Yustina ameacha kazi mwenyewe. Na nikaongeza, nisiifiche hii pia, "Watu wa tambarare, bosi, si unawajua, hawatulii." Meneja alikuwa akitafuta miwani yake. Akasema, "Pole," akaendelea kuitafuta.

Jumatatu walikuja wote kwa wakati. Wakanisalimia, wale wadogo kwa shikamoo, wakubwa kwa habari za nyumbani. Wakakaa. Na ukumbi ukanyamaza. Walichambua buni moja baada ya nyingine, wakiigeuza na kuitazama pande zote, kwa adabu iliyonitia hofu. Ukimwuliza mtu kuna nini, anakujibu, "Tunachambua, Baba Upendo." Hakuna aliyegoma. Hakuna uliyeweza kumwandikia barua ya onyo. Ubao niliutoa siku ya nne, hawakuutazama hata ulipokuwa ukipita mlangoni. Baada ya wiki mbili magunia yalikuwa yamerundikana nyuma yetu, malori yamesimama uani, na meneja akaniita.

"Meli haingoji, Baba Upendo. Ukumbini kuna nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango umefungwa, tuko wawili, mtu mwenyewe si mkali. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu: nilimfukuza mimi, nilikosea. Nikasema, "Upepo tu, bosi. Nitawaweka sawa."

Niliwauliza pembeni, nikaambiwa wanachotaka. Yustina arudi. Hawakutaka sukari wala sabuni. Nami kumrudisha kulikuwa na maana ya kupanda ngazi zile na kusema nilidanganya. Basi nikatafuta njia ya kuwafanya wafanye kazi bila Yustina kurudi, na njia niliyoipata ilitoka kwetu mlimani.

Kwa asiye wa huku, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi ya wazee. Mtu aliyekosa akimpelekea jani lake yule aliyemkosea, hawezi kukataliwa. Ugomvi uwe mkubwa namna gani, ukiletewa isale unasamehe, na anayekataa anajitafutia laana. Bibi yangu alikuwa akituambia kuna upande wa pili ambao watu hupenda kuusahau. Anayelibeba awe amekwisha kulitaja kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe, la sivyo amebeba majani ya ng'ombe. Nililikumbuka hilo nikiwa mpakani mwa kihamba chetu Masama, mkono uko kwenye jani tayari. Nikalichuma.

Nililifunga fundo kama inavyotakiwa, nikaliweka kwenye gazeti, nikaingia nalo ukumbini Jumatatu asubuhi wote wakiwa wamekwisha kukaa. Nilichagua hivyo makusudi. Nilitaka watu wote waone, ili kukataa kuwe kugumu. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Aisia, nikapiga goti.

"Mama, nimekuja nalo. Tumekoseana humu ndani. Naomba yaishe."

Alilitazama lile jani muda mrefu bila kunyoosha mkono. Wachagga wote mle walikuwa wamesimama. Wale wa makabila mengine walikuwa wakinong'onezwa maana yake.

"Baba Upendo," akasema taratibu, "mambo haya huletwa nyumbani kwa mtu, na unasindikizwa na mtu mzima."

"Nyumbani kwetu sote ni hapa, mama." Sentensi hiyo niliitunga njiani, na niliiona nzuri sana.

"Na yule mtoto wa watu?"

"Atarudi kabla msimu haujaisha."

"Umeshasema na meneja?"

Nikiwa nimepiga goti, nimeshika isale, mbele ya watu wote wale, nikasema, "Nimeshasema."

Mama Aisia alifuta viganja vyake kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili. "Aika," akasema, yaani asante. Kisha akawageukia wenzake. Kwa Kichagga na kwa Kiswahili aliwaambia kwamba yamekwisha, na kwamba yeye amepokea kwa niaba yao wote. Kabla ya saa nne ukumbi ulikuwa unavuma. Meza zilisaidiana tena. Tulilimaliza lile rundo la magunia mapema kuliko alivyotarajia yeyote, na lori la mwisho lilipotoka meneja alinipa mkono, akaushikilia.

Habari zikaenea. Mwaka ule nikaitwa kwenye semina nyingine, safari hii niwe mzungumzaji. Nilisimama mbele ya wasimamizi wenzangu nikaeleza jinsi ya kutumia utamaduni wetu kuinua ari ya wafanyakazi. Waliandika. Mmoja akauliza kama ni lazima liwe isale au jani lolote la kijani linatosha, na je, linapatikana sokoni. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kila nikikumbuka kicheko hicho natamani ardhi ipasuke.

Msimu ukaisha bila Yustina. Mama Aisia alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni. "Baba Upendo, watu wananiuliza." Nikamwambia mambo ya ofisi huenda taratibu. Akaja tena baada ya wiki chache, nikamwambia vivyo hivyo, hata kiti sikumpa. Mara ya tatu alisimama kidogo, akatazama sakafu, akaondoka, na hakuja tena.

Nilidhani hasira za ukumbi zitanijia mimi, nikajiandaa. Hazikunijia. Mimi sikuwa mmoja wao, kwangu hawakuwa wametegemea jambo. Zilimwendea yeye. Yeye ndiye aliyepokea kwa niaba yao. Walianza kumtania, na utani wa ukumbini ukigeuka unauma. "Mama Aisia, isale lako limeshaota?" Wengine wakasema alipewa kitu. Mtu niliyemwona miaka yote akizungukwa na watu saa ya chai, sasa alikunywa chai yake peke yake karibu na bomba. Niliona hayo yote kutoka dirishani kwangu. Hata neno moja lingemtoa pale. Msimu uliofuata hakuja kazini, na walioniuliza niliwaambia umri umekwenda.

Nilikaa kazini miaka mingi baada ya hapo. Walikuja vijana, ikaja mashine inayochambua buni kwa kuipiga picha, meza zikapungua mpaka zikabaki chache za kumalizia. Nilisimamia vizuri, nadhani. Sikutundika tena ubao, na magunia nilikuwa nikiyachoma kuliko mtu yeyote, mpaka vijana wakanitania. Lakini ile hadithi ya isale ilibaki, kila mgeni akihadithiwa na mimi nipo, nami natabasamu kama mzee mnyenyekevu. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha kwa ustadi.

Sherehe ya kuniaga walinichinjia mbuzi, ndafu mzima mezani na majani mdomoni. Yule meneja wa zamani, ambaye alistaafu kabla yangu, alikuja na fimbo yake, akakaa karibu nami. Sijui ni nini kilichonisukuma. Labda ni kwamba sasa hapakuwa na kazi ya kupoteza, na huo ndio ujasiri niliokuwa nao, wa mtu asiye na cha kupoteza. Nikamwuliza kama anamkumbuka Yustina.

"Yule mwenye macho?" akasema papo hapo. "Nitamsahau vipi? Mwonjaji wetu alinisumbua msimu mzima, kahawa ya meza ile imekwenda wapi, imekwenda wapi. Si uliniambia aliacha?"

"Nilimfukuza mimi."

Aliacha kutafuna. "Wewe?"

"Mimi. Alifuta jina lake ubaoni."

"Kwa hilo tu?" Alinitazama kana kwamba anasubiri kilichobaki, na hakikuwepo. "Baba Upendo, ungeniambia hata miezi miwili baadaye, ningemfuata na gari mpaka kwao." Kisha akaona uso wangu, akanipigapiga begani. "Ah, yamepita hayo. Kula nyama, ni siku yako."

Nilikula. Nyumbani nilimweleza mke wangu kila kitu, na yeye, ambaye amenivumilia kwa mengi, alinyamaza kwa siku mbili. Siku ya tatu akanikuta nimesimama mpakani, karibu na masale. "Usichume," akaniambia. "Nenda na miguu yako tu."

Nilianza na Mama Aisia. Nilimkuta akikata mgomba kumlishia ng'ombe, amezeeka, mgongo umepinda, lakini panga analishika vilevile. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniletea kigoda mwenyewe. Nikamweleza kwamba siku ile nilimdanganya nikiwa nimeshika isale, kwamba kwa meneja sikufika kabisa.

"Najua," akasema. "Nilijua uliponinyima kiti."

"Kwa nini hukuwaambia wenzako? Ungewaambia kwamba mimi ndiye mwongo, wasingekusema vile."

Alinitazama kama anayeshangaa mtu wa Masama kuuliza swali hilo. "Nilishalipokea. Ukishapokea isale, kosa la yule mtu hulitaji tena kwa mtu yeyote. Wewe ulikuwa unacheza, Baba Upendo. Mimi sikuwa nacheza."

Ndugu zangu, nililia pale kwenye kigoda, mtu mzima na mvi zangu. Miaka yote nilidhani nilimtwika aibu yangu. Kumbe nilimfunga na mdomo, akaibeba bila hata kuweza kusema ni ya nani. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Kwa Yustina umeshafika?"

"Bado."

"Basi umeanza na njia ya karibu," akasema, akarudi kwenye mgomba wake.

Yustina anaishi Kahe sasa. Nilimtafuta kwa kuulizia, nikaelekezwa shambani. Alikuwa katikati ya mahindi, jembe mkononi, anasubiri maji ya mfereji yafike kwake, maana kule kila mtu ana zamu yake ya kumwagilia na ikipita imepita. Hakunitambua mpaka nilipojitaja. Alipojua ni mimi, hakuonyesha lolote usoni. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Mara hii niliyataja makosa yenyewe, moja moja, kuanzia gunia ambalo sikulichoma.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama Aisia alinitumia watu," akasema. "Akaniambia nisitafute kazi pengine, nitaitwa. Nikangoja misimu miwili. Kulikuwa na nafasi kiwanda cha sukari, ndugu yangu alinitafutia, nikaikataa."

Sikulijua hilo.

"Kwa hiyo meneja hukumwuliza hata mara moja."

"Hata mara moja."

"Uliogopa nini? Kufukuzwa?"

"Angejua nilisema uongo."

"Basi?"

"Basi. Ni hilo tu."

Alitikisa kichwa polepole. "Na ungemwuliza, angekubali?"

Njiani nilikuwa nimeshajua ataniuliza hilo, na nilikuwa nimejiandalia jibu: sijui. Lingekuwa jepesi kwake, nilijiambia, ingawa najua lingekuwa jepesi kwa nani. "Angekubali," nikasema. "Ameniambia mwenyewe. Angekufuata na gari."

Aligeuza uso akatazama upande wa mfereji. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Na sasa unataka nikwambie nimekusamehe."

"Nimekuja kuomba, mama."

"Ninyi wa mlimani mna jani lenu. Mtu akiletewa hana ujanja. Sisi hatuna jani. Mtu anasamehe siku akiwa tayari, na asipokuwa tayari hakuna wa kumlazimisha." Maji yalikuwa yamefika, yakaanza kuingia kwenye tuta la kwanza. Akainama kuyafungulia njia. "Sasa hivi nina maji. Ukitaka kungoja, kaa pale kivulini."

Nikaenda kukaa aliponionyesha. Alimwagilia tuta baada ya tuta, bila haraka na bila kutazama nilipo, mpaka zamu yake ilipoisha na jirani akaja kuyageuza maji kwake. Wakasalimiana, wakazungumza kidogo, nikamsikia akicheka. Akaosha jembe, akaosha miguu, akajitwisha mzigo wake wa majani. Kisha akashika njia ya upande wa pili wa shamba, akaenda zake nyumbani.